Sahani Isiyo na Karatasi

Juzi nilikwenda kununua samaki, mchuuzi akafungua gunia la kaa karibu na miguu yangu, na ile harufu ikanipanda kichwani: katani iliyoloa, majani ya mkoko, matope ya chumvi. Nikabaki nimesimama na kikapu changu nimesahau nilichofuata. Mchuuzi akaniuliza, "Mama, unanunua kaa au unawatazama tu?" Nikamwambia sinunui, nikaondoka bila hata samaki. Nyumbani wakanicheka, tukala maharage.

Ningewaeleza nini? Kwamba kwangu mimi harufu ya kaa ni harufu ya wimbo? Wangesema mama keshaanza kuzeeka vibaya. Lakini ninyi wa rika langu, mliokua enzi za ruksa, labda mtanielewa. Mnaikumbuka ile miaka. Jana duka lina chumvi na viberiti, leo lina sabuni za kunukia za aina tano na kandambili za rangi zote. Nguo za mitumba zikamwagwa chini sokoni Kibiti, watu wakawa wanapekua mpaka magoti yanauma. Na kila basi lililofika likashusha mtu anayenunua kitu. Huyu anataka kamba, yule anataka jongoo wa baharini, mwingine anauliza vyuma chakavu. Tulizoea kuona watu wazima wakitupa fedha kwa vitu tulivyokuwa tunavikanyaga.

Baba yangu alishika kaa. Walitoka huko kwenye mikoko, upande wa Maparoni kwa kina mama yangu, wakafika kwetu Kibiti kwa lori, Baba akawapanga upya na kuwapakia basi la kwenda mjini. Kazi yangu tangu nikiwa darasa la pili ilikuwa kunyunyiza. Magunia yalilazwa uani kivulini, ndani mna majani mabichi, nami napita na kata ya maji ya chumvi, asubuhi, mchana na jioni. Baba alinifundisha sheria tatu za bei kabla sijajua jedwali la kuzidisha. Kaa awe mzima, awe mzito, awe na magando yote mawili. "Akipata joto anakufa," alikuwa akisema, "na aliyekufa hana bei hata uimbe."

Nilikuwa nalala na Bibi, mzaa baba, chumba cha nyuma. Babu nilimkuta tayari mzee, akafariki sijaanza shule, lakini aliniwahi: aliniita mke wangu, na Bibi kwa hiyo akawa ananiita mke mwenzangu. Mnaujua utani wetu huo wa babu na wajukuu. Babu alipoondoka nilidhani utani umezikwa naye, kumbe Bibi aliuendeleza peke yake. Nikiunguza ubwabwa anasema, "Mke mdogo huyu, mume wetu angekurudisha kwenu." Nikiumwa ananipaka mafuta ya nazi kifuani na kusema hawezi kubaki mjane wa peke yake. Nilimpenda mno bibi yule. Nasema wazi kwa sababu wakati ule sikujua kulisema.

Chini ya kitanda chetu kulikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake gramafoni ya betri na sahani kumi na mbili za santuri. Babu kabla ya uzee alikuwa kuli bandarini mjini, nyumbani akija likizo tu, na sahani alizipata kwa mabaharia. Chache zilikuwa za bendi za kwetu. Nyingi zilikuwa zile ndogo za Wamarekani weusi, nyimbo za soul, zenye tundu kubwa katikati linaloingia vidole viwili. Gramafoni yetu ilikuwa na kijiti chembamba, sahani za tundu kubwa zilikuwa zinaelea tu. Babu akachonga kipete cha kifuu cha nazi, akakisugua kwa mchanga mpaka kikaingia tundu lile sawasawa. Sawasawa kwa macho yake. Kitobo cha kati kilikwenda pembeni kidogo, basi kila sahani ya Kimarekani nyumbani kwetu iliimba huku inayumba, sauti inapanda na kushuka. Nilidhani ndivyo Wamarekani wanavyoimba.

Bibi alikuwa mtu wa tasbihi, wanawake wa mtaa walimfuata awafundishe watoto wao kuswali. Lakini mara moja kwa wiki, adhuhuri watu wamelala, alifunga dirisha, akaniambia nilete betri. Betri tulizianika juani juu ya ukuta wa uani zipate nguvu kidogo. Alipiga sahani moja tu, ile yenye karatasi ya katikati ya rangi ya machungwa, tena mara moja tu, na sauti chini. Mwanamume anaimba kwa sauti ya kuchoka, nyuma wanawake wanamwitikia. Bibi anakaa kitandani, mikono mapajani, mabega yanacheza. Wimbo ukiisha anasema astaghfirullah, anavuta tasbihi yake, tunarudi kwenye ukindu wetu wa kusuka mikeka.

Nilimuuliza yule mtu anasema nini. Akaniambia, "Babu yako alinitafsiria. Ati anasema, mke wangu wa Kibiti, likizo yangu imekwisha, nifungie mikate." Kisha akacheka. "Likizo nyingine akanitafsiria vingine. Akaniambia mtu yule anadai wali wa nazi. Kila akija wimbo umebadilika. Mama mkwe yupo nje anatwanga, mimi nimefungiwa humu nafundishwa kucheza." Niliamini wimbo mzima unahusu Kibiti. Shuleni nilimpiga mtoto mmoja ngumi kwa kubisha.

Basi siku moja ya kiangazi, kabla ya masika, basi likamshusha mtu mwenye shati la mikono mirefu na mkoba wa ngozi. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza santuri za zamani. Watu walimcheka. Wakati ule kila mwenye uwezo alikuwa ananunua redio kaseti, na sahani walishawapa watoto wakazirushe. Sisi watoto tukambatiza Bwana Sahani, tukamfuata mpaka akafika kwetu.

"Shikamoo bi mkubwa," akamwamkia Bibi.

"Marahaba. Karibu kivulini."

Baba akatoa sanduku mwenyewe. Bwana Sahani akatandaza kitambaa cheupe, akawa anashika sahani kwa ncha za vidole, ukingoni tu, anaielekeza juani na kuitazama kwa pembeni. Sahani za bendi akazisogeza. Baba akashangaa, maana hizo ndizo zilizopendwa mno. Bwana Sahani akasema, "Ndiyo sababu, mzee. Iliyopendwa ilipigwa chapa nyingi, iko kila nyumba, na kila aliyenayo ameichakaza. Inayotafutwa ni iliyokosa bahati. Mwimbaji hana jina, kampuni ilikuwa ya chumba kimoja, wakatoa sahani mia chache, hazikununuliwa, wakafunga. Leo kuna Wazungu Uingereza wanazichezea ukumbini, na fahari yao ni kuwa na ile ambayo mwenzao hana. Wananipa orodha, mimi nazunguka bandari zote."

Baba akatikisa kichwa. "Yaani mtu anatoa fedha kwa kitu kilichokataliwa."

"Kilichokataliwa na kisichochakaa," akasema Bwana Sahani. Ndipo akafika kwenye ile ya machungwa. Akatoa karatasi mfukoni, akafananisha herufi moja moja. Akaigeuza. Akasema mikwaruzo ipo lakini midogo, imepigwa na mtu mwenye adabu. Akagusa katikati. "Na hii ndiyo roho ya bei. Lebo. Ni nzima, haikuandikwa jina la mtu kwa kalamu, haikuchanika. Mnunuzi huyu hanunui sauti tu, sauti anaweza kurekodi kwenye kanda. Ananunua karatasi hii ikiwa juu ya sahani hii."

Akataja bei. Baba akamwomba airudie. Zilikuwa fedha za bati za kuezeka nyumba yetu yote, pamoja na misumari.

Lazima niwaambie hali ya nyumba. Makuti yalikuwa yameoza upande wa chumba cha nyuma. Masika yaliyopita Bibi alilala ameketi, kanga mbili kichwani, akakohoa mpaka mfungo ukaingia. Baba alikuwa anaona aibu. Nyumba za kando ya barabara zilikuwa zinang'aa bati moja baada ya nyingine, na yeye mtu wa biashara anamlaza mama yake chini ya matone. Akamgeukia Bibi. "Mama, umesikia. Mvua hii hailali tena juu yako."

Bibi alikuwa anasuka mkeka. Hakuinua uso. Mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. "Kama inatosha bati, mwanangu, basi."

Fedha yote Bwana Sahani hakuwa nayo. Mwenzake angeileta kwa basi la keshokutwa. Alipoondoka akatuachia maagizo, nami nilikuwa mbele kabisa. "Itunzeni. Ikipungua kitu na bei inapungua. Zaidi ya yote epusheni joto. Sahani ikipata joto inajikunja, na ikijikunja imekufa."

Mnaona ilipokwenda akili yangu. Imekufa, na iliyokufa haina bei.

Siku iliyofuata jua lilikuwa kali. Chumba chetu kikawa tanuri, na nilipotia mkono chini ya kitanda mbao za sanduku zilikuwa za moto. Nilihangaika mchana kutwa. Betri huanikwa, hilo nalijua. Kaa hulowekwa, hilo nalijua zaidi. Sahani adui yake joto, kama kaa. Sikuwa na mtu wa kumuuliza; Baba alikwenda kufuata mzigo, Mama alikuwa shambani. Bibi niliogopa kumtajia, maana tangu jana hakuwa ameniita mke mwenzake hata mara moja. Nikajua kwamba anaihofia bati yake. Nikaamua nitamfurahisha.

Bibi alipokuwa anaswali isha, nikatoa sahani zote kumi na mbili, nikatafuta gunia safi, nikatandika majani mabichi ya mkoko, nikazilaza moja moja, jani baina ya sahani na sahani kama tulivyowatenganisha kaa wasikatane magando. Nikanyunyiza. Kisha nikanyunyiza tena kwa ajili ya joto la kesho. Nikaliweka gunia pamoja na mengine uani, nikaenda kulala nikijisikia mtu mzima.

Nilipoamka jua limeshachomoza. Bibi alikuwa uani ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, sahani amezipanga kivulini mbele yake, anazifuta kwa upindo wa kanga. Kisu chake kidogo cha kuchania ukindu kilikuwa pembeni kama siku zote. Nilitazama sahani. Karatasi za katikati zilikuwa zimevimba, zimeingia doa la kijani la majani. Na ile yetu ya machungwa ilikuwa nyeusi tupu mpaka kwenye tundu, pande zote mbili.

"Bibi, imekufa?"

Akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu. "Haijafa," akasema. "Njoo hapa mke mwenzangu." Akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikasikia tasbihi ikinichoma shingoni. Nikalia, akaniacha nilie. Sikuelewa kwa nini na yeye alikuwa anatetemeka.

Baba aliporudi na kuona, hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliinua gunia, akatikisa yale majani, akaelewa yote, kwa sababu ni yeye aliyenifundisha. Akaniita kwa jina langu kamili na kuvunja fimbo ya mpera. Bibi akasimama katikati yetu.

"Mtoto hana kosa. Ni mimi."

"Mama, usimkingie."

"Nakwambia ni mimi. Niliyeiharibu ni mimi. Nichape mimi."

Baba akatupa fimbo. Nani amchape mama yake? Mama akanivuta jikoni akaninong'oneza, "Umshukuru bibi yako maisha yako yote." Bwana Sahani alipofika jioni akaigeuza sahani ile mara nne, akaiweka chini taratibu kama mtu anayemrudisha mtoto kwa mama yake. Akasema pole. Sahani bila lebo, akasema, ni mtu bila jina. Nani atathibitisha ndiyo yenyewe? Bibi akamwambia naye, "Ni mimi, mwanangu, nisamehe umepoteza safari yako." Bwana Sahani akanitazama mimi, akatabasamu, akanipa pipi. Akanunua nne zenye madoa kwa bei ya kutupa, akapanda basi.

Masika yakaja. Baba alipachika makuti mapya alivyoweza, lakini pembe ya kitanda chetu iliendelea kuvuja. Bibi aliweka sufuria na mabakuli, na kila tone lilipogonga nililisikia linanitaja mimi. Nililala nimejikunyata nikiomba mvua ikome. Yeye alikuwa mchangamfu ajabu. Alikaa na kanga zake mbili kichwani, anafuatisha matone kwa vidole juu ya ubao wa kitanda, na mabega yanacheza. Bati tulipata miaka mitatu baadaye, kwa kaa. Baba hakunitajia tena kosa lile, ila mpaka leo siwezi kuona karatasi imeloa nisikimbilie kuianika.

Bibi alifariki mimi nikiwa na watoto wangu. Baada ya arobaini, vitu vilipogawanywa, sanduku likaja kwangu; hakuna aliyelitaka. Nililiweka juu ya kabati nikaliogopa. Mwaka huu binti yangu ameleta mchumba, kijana mpole, na ana ugonjwa uleule wa Bwana Sahani: anakusanya santuri. Aliposikia kuna sanduku akashindwa hata kumaliza chai. Nikamfungulia, nikamsimulia kisa chote, ikiwa mara yangu ya kwanza kukisimulia kwa mtu.

Alisikiliza huku anaitazama ile isiyo na karatasi. Akaigeuza. Akasogea dirishani. Kisha akasema, kwa adabu nyingi, "Mama, samahani. Maji hayatoi lebo."

"Sasa ya hii imetolewa na nini?"

"Karatasi hushindiliwa pamoja na sahani ikiwa bado moto. Inakuwa kitu kimoja. Usiku mmoja kwenye gunia inavimba tu, inalainika. Tazama hizi nyingine saba. Zilikuwa gunia moja, na zote zina lebo zao. Hii imekwanguliwa." Akanionyesha kwa ukucha. "Kwa kisu chembamba. Pole pole, kuzunguka. Pande zote mbili, na hakugusa hata mstari mmoja wa wimbo. Aliyefanya hivi alikuwa na mkono mzuri sana."

Nikazigeuza moja moja. Nyingine saba zilikuwa mbele yangu miaka yote hiyo, na madoa yao ya kijani, na sikuwahi kuhesabu.

Nitawaambia ukweli, nilimkasirikia. Siku mbili nzima nilikuwa nazunguka nyumbani nazungumza na marehemu. Umeniacha na mzigo ule, nikamwambia, mtoto wa darasa la nne, nimeubeba mpaka nimeota mvi. Na ningeelewa, mke mwenzio ningeelewa. Maana angesema nini pale, mbele ya mgeni na mbele ya mwanawe anayeona aibu kwa ajili yake? Kwamba yeye, bibi wa tasbihi, afadhali alale chini ya matone kuliko kuuza sauti ya mtu anayedai wali wa nazi? Alikwenda kutawadha alfajiri, akakuta gunia moja halina kaa, akalifungua, akakuta karatasi zimelainika. Nadhani alisimama pale muda mrefu na kile kisu mkononi.

Siku ya tatu kijana akaja na gramafoni yake ya umeme. Ana kipete chake cha plastiki, kitobo kiko katikati barabara. Akaweka sahani, wimbo ukatoka safi, sauti imetulia, na sikumjua yule mtu. Nikamwambia asimamishe. Nikatoa kifuu cha Babu sandukuni, nikakipachika kwa mkono wangu. Sindano ikashuka, na sauti ikaanza kuyumba, ikipanda na kushuka, na mabega yangu yakaanza yenyewe. Kijana akasema pembezoni mwa sahani kuna namba zimechongwa, kwa namba hizo anaweza kulitafuta jina la mwimbaji, jina la wimbo, hata bei yake ya leo. Nikamwambia namshukuru, lakini aache.

Hasira iliniishia palepale, wimbo ukiendelea. Kwa sababu nilikumbuka kwamba hakuniachia mzigo. Alisimama uani mchana kweupe akamwambia Baba, akarudia, jioni akamwambia na Bwana Sahani: ni mimi. Aliungama mbele ya watu wote wa nyumba ile, nasi tukaona ni huruma ya bibi kwa mjukuu, hakuna aliyemwamini.